Mji Uliowekwa Kwenye Sahani

Siku ya pili ya matanga ya mama, simu ililetwa mkononi mwangu na ndani yake alikuwemo mwanamke aliyelia kuliko mimi. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake waliotoka Wadi Kabir na Bustan, mitaa ya hapa Maskati, kuja kunipa pole, msomaji wa Yasini amepumzika, vikombe vya kahawa vinazunguka. Sauti ilikuwa ya kikongwe, Kiswahili chake cha bara, na kila neno lilikuja limechelewa kidogo kama linalopita mahali pengi kabla ya kunifikia. "Mama Thureya amekwenda," ilisema, "mtoto wangu, Salha amekwenda," kisha kilio kisichokatika. Thureya ni mimi. Salha ni mama. Nilimjua kabla hajataja jina lake, ingawa nilikuwa sijamsikia kwa zaidi ya nusu karne, na kilichonipanda kifuani, Mungu anisamehe, hakikuwa huzuni wala shukurani. Kilikuwa kijicho. Wanawake waliona uso wangu umebadilika wakanipa maji, wakidhani ni uchungu wa kufiwa, nami nikayanywa. Halina ana miaka tisini na kitu, yuko nyumba ya wazee huko Uingereza, kiti chake nasikia ni cha magurudumu, na bado anajua kunishinda katika kumlilia mama yangu mwenyewe. Alimwachia binti yangu nambari yake. Sijampigia.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni 1969. Nilikuwa na miaka kumi na minne na kazi yangu kubwa ilikuwa kumngoja mama aseme. Tulikuwa tukikaa Maskati, ndani ya ukuta, orofani mwa nyumba ya mfanyabiashara wa nguo: vyumba viwili, ukumbi mwembamba, na kijiroshani cha kupikia kilichopokea joto lote la majabali. Skuli ya kunipeleka mimi haikuwako. Jinsi tulivyofika pale ni habari ndefu na si ya sura hii. Yatosha kusema kuwa tulitoka Unguja baada ya Januari ile ya 1964, mama na mimi, bila baba. Baba alitoka nyumbani asubuhi kwenda kumtazama ndugu yake, hakurudi. Mama akatoka kumtafuta. Alirudi jioni peke yake, akaoga, akasali, akaanza kufunga mizigo. Alichokiona huko hakunambia, na kila nilipouliza alinijibu kuwa hayo si maneno ya watoto. Basi nikawa nangoja niache kuwa mtoto. Nyumbani kwetu hata neno Unguja halikutajwa; tukipika mchuzi wa kule tuliuita mchuzi tu. Nilijipa moyo kuwa siku moja, mimi na yeye tumekaa peke yetu, atanigeukia na kunambia, kwa sababu hakuwa na mwengine wa kumwambia. Kisha akaja Halina.

Tulimpata Matrah, mji wa jirani ng'ambo ya mlima, dukani kwa Baniani mmoja wa vitambaa. Mama alikuwa akivutana naye bei kwa Kiarabu, na pembeni akininong'oneza kwa Kiswahili kuwa huyu bwana katuona washamba, hii bei ya kuwauzia mabibi wa kambi ya mafuta. Nyuma yetu mtu akasema, kwa Kiswahili, "Mama, bibi wa kambi ya mafuta ni mimi, na mimi pia ananiuzia bei hiyo hiyo." Tukageuka. Mwanamke wa kizungu, mfupi, mwekundu kwa jua, kitambaa kimefungwa chini ya kidevu kama wafungavyo wanawake wa mashamba. Mama akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu Unguja; miaka mitano nilikuwa nikikitafuta kwa kila hila ninayoijua, kuiga watu, kujitia mpumbavu, na sikupata zaidi ya tabasamu. Huyu alikipata kwa sentensi moja tena mbele ya Baniani. Mume wake alikuwa mhandisi Mwingereza, lakini yeye mwenyewe alizaliwa Polandi. Wakati wa vita, akiwa mtoto, askari wa Kirusi waliwatoa kwao yeye na mama yake, wakapelekwa nchi ya baridi, wakapitia Ajemi, na mwisho wakajikuta pamoja na maelfu ya Wapolandi wenzao katika kambi chini ya Mlima Meru. Alikulia huko mpaka akawa msichana, na Kiswahili alikipata kwa wanawake waliokuja kuuza ndizi. Aliyasema yote hayo hapo hapo dukani, huku akipapasa kitambaa. Tuliporudi nyumbani mama alikuwa ameshamwalika.

Akawa anakuja kila Alkhamisi alasiri. Dereva wa kambi alimwacha langoni, akapanda kwetu kwa miguu, na ilimlazimu kuondoka kabla ya mzinga uliopigwa usiku kufunga lango la mji. Kuanzia asubuhi mama alikuwa mtu mwengine. Mikeka ilitolewa ikapigwa vumbi, udi ukachomwa, halwa ikanunuliwa, nami nikatumwa huku na huku mpaka miguu ikaniuma. Halina alipanda ngazi akihema, akavua viatu, akakaa chini na kukunja miguu kama aliyezaliwa mkekani, na hilo nalo liliniudhi. Mimi nikikosea neno moja mama alinisimamisha mpaka nilitamke sawa, maana alikuwa na khofu Kiarabu cha mitaani kitanimeza ulimi. Halina akijisahau alisema "mimi iko na njaa" na "hii watoto", na mama alimtazama kwa furaha kama anayesomewa kasida. Mwanzo alimwita mama kwa jina langu, Mama Thureya, ikawa hata jina langu nalo limekuwa mlango wake wa kuingilia. Baadaye mama akamruhusu amwite Salha. Hakuna aliyemwita hivyo Maskati nzima.

Mara ya tatu alipokuja, mama alimpa sahani ya visheti aende nayo, ile ya kaure yenye maua ya buluu, moja katika vitu vichache tulivyotoka navyo. Alkhamisi iliyofuata Halina akairudisha, imeoshwa, inang'aa, na tupu. Sijui kama wanaonisoma leo, wenye kula kwenye vyombo vya kutupa, wanafahamu uzito wa jambo hilo. Kwetu sahani ikija na kitu hurudi na kitu, hata ndimu mbili, hata chumvi kidogo kwenye karatasi. Kuirudisha tupu ni kumwambia mwenzio basi, tumemalizana. Mama aliipokea, akaiweka juu ya kabati, akaendelea kuulizia afya ya mume. Lakini mimi nikimjua mama: siku ile kahawa ilitoka bila halwa. Moyo wangu ulifanya harusi. Nilijua hatasema kitu, ataipunguza tu heshima kidogo kidogo, wiki hii halwa, wiki ijayo udi, mpaka mgeni mwenyewe aone haya asije tena. Nilikuwa nimeshaona akiwafanyia wengine.

Lakini Halina hakulelewa kwetu. Wiki iliyofuata aliona tena hakuna halwa, akaweka kikombe chini, akauliza waziwazi, "Salha, mimi nimekukosea nini?" Mtu wa kwetu asingethubutu kuuliza hivyo. Mama akamweleza kweli, habari ya sahani. Halina akaziba mdomo kwa mkono. Kambini kule Meru, alieleza, sahani zote zilikuwa za jiko moja kubwa. Unapewa chakula, unakula, unaiosha sahani, unairudisha, na ukiirudisha na uchafu unagombwa. Alikua hivyo mpaka akawa mwanamke, na hakuna aliyemfundisha kuwa sahani huwa na mwenyewe. Akafungua mkoba wake, akatafuta, hakuna kitu isipokuwa leso na miwani. Basi akainuka, akaishusha sahani kutoka juu ya kabati, akaiweka magotini mwa mama. "Leo mkononi sina kitu," alisema. "Nitakuwekea mji wetu."

Akaanza kuuweka. Ulikuwa mji mdogo karibu na msitu, jina lake siliwezi hata leo. Alikuwa akiuonyesha kwa kidole juu ya sahani. Katikati, uwanja wa soko uliotandikwa mawe. Hapa, kanisa la Wakatoliki, kwao. Hapa, kanisa la Waorthodoksi lenye kuba la samawati. Huku, sinagogi la mawe. Na ukingoni kabisa, msikiti wa mbao uliopakwa rangi ya kijani. Mama akamshika mkono. Msikiti wa nani? Wa Watatari, akasema Halina, Waislamu waliokaa pale karne na karne, wanasema Kipolandi kama sisi na wanasali kama nyinyi. Mama hakutaka kujua jambo jengine alasiri nzima. Wanatawadha vipi kwenye theluji? Maji yanachemshwa, msikiti una jiko la vigae. Wanachinja nini Idi? Wanakula nini? Halina akaeleza mkate wa tabaka nyingi uliojazwa nyama ukakunjwa kama konokono, ambao Aisha, binti wa Kitatari wa jirani, alimletea kila Idi. Akaeleza kuwa Jumamosi mama yake alimtuma kwa jirani Myahudi kumwashia jiko, kwa kuwa siku hiyo Myahudi hagusi moto, naye akarudi na kipande cha mkate uliosukwa kama nywele. Ijumaa wanapumzika hawa, Jumamosi wale, Jumapili wengine, na mtoto mwenye akili aliweza kula vitamu siku tatu mfululizo. Mama alikuwa akicheka na kufuta macho. "Kama Unguja," alisema. Nilikuwa nimeshika dele la kahawa, na neno hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake miaka mitano.

Tangu siku hiyo mambo yakaenda hivyo. Halina akileta, mama anarudisha. Akipewa mtaa wa waokaji, mama anampa mtaa wetu: fundi cherehani Mgoa, Bohora wa mabati, Mngazija aliyetusomesha Kurani, Mhindu wa peremende ambaye Diwali alituletea chano kizima na Idi tukakirudisha kimejaa. Mama alikuwa akisema vizuri, kumbe. Alikuwa akiiga sauti zao mmoja mmoja. Na mimi nilikuwako mtaa ule. Yule Mgoa alinishonea gauni langu la Idi akanichoma pini kwenye bega. Lakini mama alisema akimtazama Halina, na mimi nilikaa pale na dele langu kama mpangaji wa chumba cha uani. Mara moja niliingilia kusahihisha, kuwa duka la Bohora lilikuwa upande wa kulia. Mama alinikata jicho. Halina akasema mwache, mwache aseme, na huruma ile ilinichoma kuliko jicho la mama. Halina akaleta na vyakula pia, tena kwa wingi, kama anayelipa fidia. Alileta vile vya unga vya kwao vyenye viazi na vitunguu ndani, akaapa kuwa ametia samli safi na hakuna mafuta ya mnyama asiyeliwa. Mama aliviita sambusa za kuchemsha. Mimi nilisema havina ladha. Vilikuwa vitamu, na nilikula vilivyobaki nikiwa peke yangu roshani.

Nikafikiri sana, na fikira zangu zikanifikisha hapa: mama anampa Halina kwa sababu Halina anampa kitu. Mimi sikuwa na mji wa kumpa. Basi nikaamua kuutafuta, na mji uliokuwa karibu ulikuwa huu huu tuliokaa. Nikawa namwambia mama nakwenda kwa jirani, na kweli nilianza kwa jirani, Mbalushi mmoja aliyekuwa akidarizi vifua vya kanzu za wanawake, akinieleza kila rangi na maana yake kwao. Nikenda kuwatazama Mabaniani wakimlisha ng'ombe wao mikate. Mwisho nikapita njia ya mlimani mpaka Matrah, nikasimama mbele ya lango la mtaa wa Walawatia, wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, mtaa ambao mgeni haingii, nikawatazama wanawake wao wakitoka na kurudi. Nilikusanya vyote hivyo kama anayekusanya mahari. Asubuhi moja, mama akichagua mchele, nikaichukua sahani ya kaure, nikaiweka baina yetu, nikaanza kwa kidole: hapa Mabalushi, hapa Mabaniani na ng'ombe wao. Mama alikuwa akisikiliza. Wallahi alikuwa akisikiliza, mkono umesimama juu ya ungo. Nikafika kwenye lango la Walawatia. Hapo akauliza nani alinipeleka Matrah. Nikasema nimekwenda mwenyewe. Akauliza tena, polepole, kama nilitembea peke yangu mpaka Matrah. Sahani ikarudi kabatini, nami nikapigwa marufuku kuteremka ngazi. Halina aliposimuliwa alisema nina miguu mizuri, na mama akacheka tena.

Ndiyo maana Alkhamisi ile ya joto kubwa nilikuwa nyumbani, sina pa kwenda. Halina alikuja hana chakula. Alikaa, akaiomba sahani, akaishika tu bila ya kuonyesha kitu kwa kidole. Alisema leo ataumaliza mji. Askari walibisha mlango wakati wa baridi, alfajiri. Mama yake alichukua sufuria na mfarishi, akasahau mkate jikoni, na Halina njia nzima alikuwa akifikiri kuwa mkate unaungua. Baba yake Aisha, yule Mtatari, aliwakimbilia kituoni na gunia la mikate mikavu, akalitupa ndani ya behewa. Hilo gunia ndilo lililowafikisha. Vita vilipokwisha alikutana na watu wa kwao, wakamwambia yaliyobaki. Wayahudi wote wa mji Wajerumani waliwachukua, na yule jirani wa jiko la Jumamosi na watoto wake, na hakurudi hata mmoja. Sinagogi likavunjwa. Nyumba ya kina Halina wanakaa wengine. "Mji upo," alisema. "Watu ndio hakuna." Kisha akamkabidhi mama sahani.

Mama aliishika kwa mikono miwili. Nilimtazama, nikajua. Kitu kizito kama kile hakirudishwi kwa fundi cherehani na peremende. Alikuwa na kimoja tu cha kulingana nacho. Aliinua uso akanambia niteremke nikanunue makaa, mimi niliyepigwa marufuku ngazi, na kikapu cha makaa kimejaa mpaka juu. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi, nikazuia pumzi. Nikamsikia mama akisema, kwa sauti ya chini lakini nzima, "Asubuhi ile alipotoka..." Kisha nikasikia nyayo. Mlango wa chumba kile ulikuwa haufungwi mchana, mbao zake zimevimba na lazima uusukume kwa bega. Halina aliusukuma kwa bega. Mgeni alinifungia mlango nyumbani kwetu, juu ya khabari ya baba yangu, na mama yangu hakumzuia. Binti yangu ananiuliza kwa nini simpigii simu yule bibi nikamuuliza alichoambiwa, maana sasa ni yeye peke yake duniani anayekijua. Namwambia nitapiga. Ukweli ni kwamba sitaki kumsikia baba yangu akitoka kinywani mwake.

Mlango ulipofunguliwa wote wawili macho mekundu. Mama aliniuliza makaa yako wapi, nikamwambia kikapu kimejaa, akapita kwenda kunawa uso. Siku zilizofuata alikuwa mwepesi. Alilala usingizi wa kweli, akawa anaimba akipika, na mimi kila nilipomsikia akiimba niliona nimeibiwa. Kabla mwaka haujesha mume wa Halina alihamishwa nchi nyengine. Siku ya kuaga walishikana pale ukumbini muda mrefu mpaka dereva akapandisha mtu kuja kumwita. Nilimpa mkono. Alinibusu kichwani, nikajifuta.

Kesho yake tulikuwa tukichagua mchele, mama na mimi, ungo mmoja magotini mwake na mmoja mwangu. Ile ndiyo saa niliyoingojea miaka yote: sisi wawili, na hakuna mwengine. Nikamwambia kuwa najua alimweleza Halina khabari ya baba. Hakukana.

"Nieleze na mimi," nikasema. "Mimi si mtoto tena."

Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"N'lkuwa na nguvu ya kuisema mara moja tu, Thureya. Nshaisema."

"Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu yeye ni mtu wa kuondoka. Nilichokiona kule, kenda nacho. Wewe nnakuona kila asubuhi. Nikikwambia, ntakuwa nakiona usoni mwako kila siku, mpaka nife."

Akarudi kwenye mchele wake. Leo mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na nafahamu nilipewa nini siku ile. Mama alitaka uwepo uso mmoja duniani ambao anaweza kuutazama, akauchagua wangu, na aliutazama mpaka saa yake ya mwisho. Nafahamu, na ninamshukuru. Lakini siku ile, na ungo wa mchele magotini, nilimwonea Halina wivu mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona, na nilichotamani ni kimoja tu: niwe mimi ninayeondoka.